Mvuke wa thina Kizota: jua, gesi na hewa nyingi kupita kiasi

Karakana ninayoizungumzia ipo Kizota, jijini Dodoma. Inatengeneza meza za ofisi, makabati ya jikoni na milango ya mninga, na tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016 haijakosa kazi. Nyuma ya jengo kuna chumba cha kupigia vanishi. Mafundi wanapiga spreyi humo saa sita kwa siku, na feni kubwa iliyo ukutani inavuta hewa yote yenye harufu na kuitupa nje. Kiangazi upepo wa mashariki ukianza kuvuma, mvuke huo unapita juu ya ukuta na kuingia kwenye nyumba tatu zilizo upande wa pili.

Aliyeanzisha suala hili ni bibi wa nyumba ya katikati. Alimfuata mwenye karakana mwenyewe, hakupitia kwa mwenyekiti wa mtaa wala kwa mtu mwingine. "Mwanangu, kazi yako siikatai," alimwambia. "Lakini nikisonga ugali wa uwele unanuka rangi. Na mjukuu wangu anaamka kichwa kinamuuma." Mwenye karakana alimwomba radhi, akamsindikiza hadi kwake, kisha akanipigia simu. Alikuwa tayari ameshapewa bei ya mtambo wa kuchoma mvuke kwa gesi ya mtungi, na bei ya gesi ndiyo iliyomtisha kuliko bei ya mtambo. Nilipofika hatukukaa hata chini. "Mhandisi, jua lote hili la Dodoma, tunashindwaje kuichoma harufu kwa sola?"

Ni swali zuri, na jibu lake lilinichukua wiki kadhaa. Nalieleza hapa kwa urefu kwa sababu karakana za namna hii zinaongezeka katika miji yetu ya kati, na wenye nazo watakutana na swali hilohilo.

Kinachotoka kwenye lile bomba

Thina ya vanishi si kitu kimoja. Ndani yake mna toluini na zailini, ambazo ni haidrokaboni halisi, yaani kaboni na haidrojeni tu. Mna pia asetoni na butili asetati, ambazo zina oksijeni ndani yake. Zote zinaruka hewani upesi, ndiyo maana vanishi inakauka ndani ya dakika chache. Toluini inalevya na kuumiza kichwa kwa sababu inagusa mishipa ya fahamu. Zaidi ya hapo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kazi ya upakaji rangi yenyewe kwenye kundi la kwanza, la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo ninaposema harufu, sina maana ya kero ya pua peke yake. Mafundi wanaovuta hewa hiyo saa sita kila siku wako kwenye hatari kubwa kuliko yule bibi, na nilimweleza mwenye karakana hivyo mbele yao. Barakoa zenye kichujio cha kaboni zilinunuliwa wiki hiyohiyo. Hilo halikuhitaji hesabu yoyote.

Namba za msingi zilikuwa hizi. Karakana ilikuwa inatumia lita 20 za viyeyushi kwa siku, ukijumlisha thina na kile kilichomo ndani ya vanishi yenyewe. Ni kama kilo 17, karibu kilo 2.9 kwa saa. Mdomo wa chumba cha spreyi ni mita mbili kwa mbili, na hewa inapita hapo kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, ambao ndio mwendo unaofaa ili fundi asivute ukungu wa rangi. Hiyo inafanya mita za ujazo 7,200 za hewa kwa saa. Gawanya kilo kwa hewa: gramu 0.4 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Naomba msomaji aikumbuke namba hiyo, maana shida yote imejificha humo.

Kuchoma bila mwali

Mvuke huu ukiuchoma kwa moto wa kawaida unahitaji joto la nyuzi 750 au zaidi. Ukiupitisha juu ya kichocheo, yaani kitu kinachorahisisha mwitikio wa kikemia bila chenyewe kuisha, unaungana na oksijeni kwenye nyuzi 250 hadi 400 na kugeuka hewa ukaa na maji. Hili si jambo geni. Mwaka 1817 mkemia Mwingereza Humphry Davy aliuona waya wa platini uking'aa ndani ya mchanganyiko wa gesi ya makaa ya mawe na hewa, bila mwali wowote. Bomba la moshi la gari la petroli linafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: kipande cha kauri chenye vitundu vingi kama sega la asali, kuta zake zimepakwa alumina, yaani oksidi ya alumini, iliyobeba chembe za platini na paladi, ambazo ni metali za thamani.

Ila kichocheo hakitoi nishati. Kinapunguza tu kizingiti cha kuvuka. Hewa bado lazima uipashe joto hadi kwenye kizingiti hicho, na hewa haichagui: ukitaka gramu 0.4 za mvuke zifike nyuzi 300, lazima uipashe mita nzima ya ujazo ya hewa iliyozibeba.

Hapo ndipo mtambo wa gesi ulipotushinda. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi: mita ya ujazo ina uzito wa karibu kilo 1.04, ilhali pwani ni kama kilo 1.2. Hata kwa wepesi huo, kuipasha hewa ya feni ile kutoka nyuzi 25 hadi 300 kunataka kilowati 583. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina karibu kilowati-saa 12.8. Kwa hiyo ni kilo 45 za gesi kila saa. Mitungi mitatu mikubwa ya kilo 15, kila saa, saa sita kwa siku. Ukipiga hesabu ya hewa ukaa, gesi hiyo ingetoa karibu kilo 138 kwa saa ili kuteketeza kilo 2.9 za mvuke, ambazo zenyewe zikiungua zinatoa kilo 10 tu. Nilipomwonyesha mwenye karakana ukurasa huo alikaa kimya, kisha akaikunja ile karatasi ya bei ya muuzaji. Wazo la gesi likaishia hapo.

Tulianza basi kutafuta nishati nyingine. Ninaziandika kwa mpangilio tuliozijadili, na si zote zinastahili nafasi sawa.

Mwanga wenyewe

Wazo linalopendwa zaidi ni kuacha jua lifanye kazi bila joto. Mwaka 1972 wanasayansi wa Japani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kwamba dioksidi ya titani, unga mweupe uleule unaotiwa kwenye rangi za ukutani, ukipigwa na mwanga unaweza kuyapasua maji. Baadaye ilionekana kwamba unga huo unaweza pia kuoksidisha mvuke wa haidrokaboni kwenye joto la kawaida la chumba. Mwenye karakana alikuwa ameshaambiwa kuna rangi ya kupaka ukutani inayokula harufu, naye alitamani sana iwe hivyo. Mimi pia nilitamani.

Lakini dioksidi ya titani ya aina ya anatesi inahitaji mwanga wenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 388, yaani urujuanimno, mwanga ambao jicho haliuoni. Jua la Dodoma saa sita mchana linatoa karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, ila urujuanimno ndani yake ni kama asilimia nne au tano tu, sawa na wati 45. Kuimaliza molekuli moja ya toluini hadi iwe hewa ukaa na maji kunahitaji kunyofoa elektroni 36. Tuseme kila chembe ya mwanga inanyofoa elektroni moja na hakuna hata moja inayopotea. Kwa mvuke wa karakana hii ungehitaji mita za mraba zaidi ya 2,000 za unga ulioanikwa juani. Ukweli wa maabara ni kwamba nyingi zinapotea. Zikifanya kazi tano katika kila mia, unahitaji eneo la viwanja sita vya mpira.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa rangi hizo hawalisemi. Toluini haioksidishwi yote kwa mkupuo. Inapita kwanza kwenye benzaldehaidi na asidi ya benzoiki, na hizo zinang'ang'ania juu ya unga na kuugeuza rangi ya kahawia hadi uchoke. Kwa chumba cha kulala chenye harufu ndogo, teknolojia hii ina mahali pake. Kwa chumba cha vanishi ni kumdanganya mtu, na nilisema hivyo waziwazi.

Maikrowevu na plazima

Maikrowevu yana mvuto wake: yanapasha kichocheo na kuiacha hewa, hasa kichocheo kikibebwa na kabidi ya silikoni inayoyanywa mawimbi vizuri. Mtambo unakuwa tayari ndani ya dakika chache. Lakini hewa inayopita ndani ya sega lenye nyuzi 300 inatoka ikiwa na joto karibu lilelile. Imelichukua kutoka kwenye kichocheo, na wewe unalilipia upya kila sekunde. Isitoshe, magnetroni, kifaa kinachozalisha mawimbi hayo, inageuza kuwa mawimbi karibu theluthi mbili tu ya umeme unaouingiza. Faida iko kwenye kuwasha, si kwenye kuendesha.

Plazima baridi, ile ya kupitisha umeme wa volti kubwa hewani ili elektroni ziwe na nguvu huku hewa ikibaki na ubaridi wake, inahitaji mamia ya jouli kwa kila lita ya hewa ili kuiondoa toluini vizuri. Feni yetu ilikuwa inatoa lita 2,000 kwa sekunde. Hata kwa jouli 100 tu, hizo ni kilowati 200, na unabaki na ozoni na oksidi za naitrojeni za kushughulikia. Hatukuendelea nayo.

Vioo, paneli na waya wa TANESCO

Vioo vya kukusanya jua vinaweza kufika nyuzi 300 bila tabu, na anga la Dodoma kati ya Mei na Novemba ni safi kiasi cha kumfurahisha mtu yeyote wa nishati. Kwa kilowati 583 ungehitaji zaidi ya mita za mraba 1,100 za vioo. Karakana yote, pamoja na uwanja wa kuanikia mbao, haina eneo hilo. Vumbi la Kizota nalo lingetaka vioo vioshwe kila mara, katika mji ambao maji watu wanayapangia zamu. Paneli za umeme zingekuwa zaidi ya elfu moja zenye wati 550 kila moja, hapo ukihesabu ile namba iliyobandikwa nyuma ya paneli na si kile inachotoa ikiwa imepata moto juu ya bati.

Umeme wa gridi je? Bwawa la Mtera, ambalo wengi wetu tunalijua kwa samaki wake na kwa barabara ya Iringa, lina mitambo ya megawati 80. Karakana kumi na nne za aina hii zikichoma mvuke wao kwa umeme zingemeza sehemu ya kumi ya Mtera. Ni kweli sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliingizwa kwenye gridi Februari 2024. Lakini umeme kuwepo si sababu ya kuutumia kupasha hewa tupu na kuitupa nje.

Kuna jioni moja ilinifungua macho. Nilikuwa nimekaa na karatasi zote hizi, kila ukurasa una chanzo chake cha nishati, na kila ukurasa unaishia kwenye namba ileile: 583. Tulikuwa tunabadilisha kuni huku chungu ni kilekile kikubwa. Tatizo halikuwa jua wala gesi. Tatizo lilikuwa gramu 0.4 zinazosafiri ndani ya hewa nyingi kupita kiasi.

Mvuke ni kuni

Toluini ni mafuta. Kilo moja ina megajouli 40 hivi, karibu sawa na petroli. Gramu moja ya mvuke ndani ya mita moja ya ujazo ya hewa ya Dodoma, ikiungua yote, inaipandisha hewa hiyo joto kwa nyuzi 37 au 38. Kwa gramu 0.4 unapata nyuzi 15 tu, hazikusaidii kitu. Lakini tuseme mvuke uleule umebanwa ndani ya hewa iliyo ndogo mara kumi na mbili, mita za ujazo 600 kwa saa. Sasa una gramu 4.8 kwa mita, na zikiungua zinapandisha joto kwa nyuzi 180. Hewa inaingia kwenye kichocheo ikiwa na nyuzi 300, inatoka na 480. Ukiweka kibadilisha joto, mabomba yanayoirudisha sehemu ya joto la kutoka kwa hewa inayoingia, chenye ufanisi wa asilimia 60, hewa ya nyuzi 25 inafika kwenye kichocheo ikiwa na nyuzi 298.

Maana yake mtambo unajiendesha wenyewe. Kilowati 583 zimekuwa sifuri, au karibu sifuri, bila paneli hata moja.

Nikiri kwamba hesabu hiyo inauchukulia mvuke wote kama toluini. Asetoni na butili asetati zinatoa joto pungufu, kwa hiyo mchanganyiko halisi utapandisha kama nyuzi 135 na si 180. Kibadilisha joto kinatakiwa kuwa cha asilimia 70. Hicho kinaweza kuchomelewa na fundi mzuri wa chuma cha pua. Si kitu cha kuagiza ng'ambo.

Unabanaje mvuke? Unaupitisha kwanza kwenye kitu kinachounasa ukiwa wa baridi na kuuachia ukipata joto. Wengi wangefikiria kaboni amilifu, makaa yenye vitundu vidogo mno, ambayo ni rahisi na inapatikana. Hapa nilisimama na kukataa. Asetoni na jamaa zake zikinaswa kwenye kaboni zinaweza kuanza kuoksidika polepole na kuzalisha joto ndani ya pipa, na kaboni yenyewe inawaka. Mapipa ya namna hiyo yamewahi kushika moto viwandani, na kuyapulizia hewa ya moto ni kuongeza hatari. Tulichagua zeolaiti yenye silika nyingi, silika ileile iliyomo kwenye mchanga na kioo. Ni madini yasiyoungua, na kwa kuwa hayapendi maji, unyevu wa masika hauyazibi. Ni ghali zaidi. Sioni njia ya kuikwepa gharama hiyo katika karakana iliyojaa vumbi la mbao.

Halafu tukakutana na jambo ambalo sikulitarajia. Wakati tunasubiri bei ya zeolaiti, mwenye karakana alifanya mambo ya busara ambayo mtu yeyote angemshauri. Alibadilisha bunduki za spreyi akanunua zile za presha ndogo na hewa nyingi, ambazo rangi nyingi inatua kwenye mbao badala ya kurudi hewani. Ndani ya makabati, mahali pasipoguswa sana, akahamia vanishi ya maji. Viyeyushi vikashuka kutoka lita 20 hadi 10 kwa siku. Nilifurahi, kisha nikarudi kwenye hesabu nikaona kwamba kuni zetu zimepungua nusu. Gramu 4.8 zimekuwa 2.4, joto halitoshi tena, mtambo hauwezi kujiendesha. Usafi wenyewe ulikuwa unauzima moto.

Jibu lilikuwa ndani ya pipa muda wote. Zeolaiti haihitaji kuachia mvuke kila siku. Inaweza kuukusanya siku mbili na kuuachia siku moja. Kwa kilo 17 za mvuke, tukikadiria kwamba zeolaiti inabeba asilimia tano ya uzito wake kwa uhakika, tunahitaji kilo 340 katika kila pipa, na mapipa mawili yakipokezana: moja linanasa mafundi wakifanya kazi, jingine linapashwa joto na kuachia. Gramu zinarudi kuwa 4.8. Na kwa kuwa sisi ndio tunaochagua lini pipa liachie, tunachagua siku yenye jua.

Hapo swali la mwenye karakana likapata jibu lake. Wote tulikuwa tumeulizana kuhusu betri za kuhifadhi umeme wa jua, kumbe cha kuhifadhi ni mvuke. Unasubiri ndani ya pipa bila gharama hadi jua litoke. Nishati inayohitajika ni ya kuamsha mtambo tu: kilo 20 za kauri, kilo 80 za chuma, na hewa kidogo inayopitishwa kwa sehemu ya tano ya mwendo wake. Ni yuniti nane hadi kumi za umeme. Paneli 12 za wati 550, zilizounganishwa moja kwa moja na hita bila betri, zikianza saa mbili asubuhi zinatoa sehemu kubwa ya hizo kufikia saa nne na nusu, na pungufu linajazwa na TANESCO. Baada ya hapo mvuke unajichoma, paneli zinaendesha feni, na joto linalobaki kwenye bomba la kutokea ndilo linalopasha pipa linaloachia. Siku za mawingu za Januari tunaamsha kwa umeme wa gridi peke yake. Yuniti kumi kila baada ya siku mbili hazimtishi mtu.

Mambo yanayoweza kuharibu

Hatari kubwa ni kipindi cha kwanza cha kuachia. Pipa halitoi gramu 4.8 kwa utulivu mwanzo hadi mwisho. Likipata joto linatoa wimbi la mvuke mzito, kisha linapungua. Toluini inaanza kuweza kulipuka ikifika karibu asilimia 1.1 ya hewa, na kwa hewa ya Dodoma hiyo ni kama gramu 36 kwa mita ya ujazo. Kanuni ya usalama ni kubaki chini ya robo ya kiwango hicho, gramu 9. Kwa hiyo kuna kipimo cha mvuke kabla ya kichocheo, na kilango cha hewa safi kinachofunguka chenyewe namba ikikaribia 9, na hita inakatika papo hapo. Nilimwambia mwenye karakana kwamba fedha zikipungua, apunguze paneli, asiguse kipimo hicho.

Vumbi la vanishi ya nitroselulosi ni jambo la pili. Linaganda ndani ya mabomba na linashika moto kirahisi mno. Vichujio viwili vimewekwa kabla ya mapipa, na bomba limewekewa milango ya kufungua na kukwangua kila Jumamosi.

La tatu ni silikoni, ile inayofanana na mafuta, si ile ya kabidi niliyoitaja kwenye maikrowevu. Dawa nyingi za kung'arisha samani zina silikoni, na mvuke wake ukifika kwenye platini unaacha utando wa silika usiotoka tena. Kichocheo kinakufa taratibu na hujui kwa nini. Fundi mmoja alikuwa na chupa zake za dawa hiyo kwenye rafu ya chumba cha spreyi. Zimehamishiwa chumba cha mbele, mbali na feni.

Na kuna kazi ya pua. Kichocheo kikianza kuchoka, au joto likishuka chini ya nyuzi 250, toluini inaungua nusunusu na kutoa benzaldehaidi, yenye harufu ya lozi chungu. Asetati zikiungua nusu zinatoa harufu kali inayofanana na siki. Nimewafundisha mafundi majina hayo mawili, lozi na siki. Wakizisikia nje, kabla hata ya kipimo kusema lolote, wazime na kuita.

Mahali tulipofika

Bunduki mpya zinafanya kazi. Mdomo wa chumba umepunguzwa kwa mapazia mazito hadi mita 1.2 kwa mbili, kwa hiyo hewa imeshuka kutoka mita za ujazo 7,200 hadi kama 4,300 kwa saa, na mwendo mbele ya fundi umebaki uleule. Hayo mawili yamegharimu chini ya sehemu ya kumi ya ule mtambo wa gesi. Mapipa mawili yameshachomelewa na yamesimama nyuma ya ukuta, matupu. Kibadilisha joto kimejaribiwa kwa hewa safi na hita ya umeme, nacho kimerudisha asilimia 66. Tunaongeza mabomba sita ili kifike 70. Zeolaiti na kichocheo havijafika.

Wiki iliyopita nilipita kwa yule bibi kumwamkia. Aliniambia harufu imepungua lakini haijaisha, na kwamba siku za Ijumaa, milango mikubwa inapopigwa vanishi, bado anafunga dirisha la jikoni. Nimeiandika Ijumaa kwenye daftari. Pipa la kwanza litakapojazwa, jaribio litafanyika siku hiyo, mchana, na dirisha lake likiwa wazi.